Nahodha na Wasaidizi Wake Wakati wa Kutia Gati

Wengi hudhani kwamba hatari kubwa ya chombo iko katikati ya maji, nchi kavu isipoonekana. Lakini chombo kilicho katikati ya ziwa kina nafasi ya kukosea, kwani kikipotoka hatua mia hakigongi kitu. Kinachokaribia gati hakina nafasi hiyo.

Sisi wa Mafinga tuko mbali na gati, hata hivyo mfano wake twauona kila siku. Lori la magogo kutoka msitu wa Sao Hill linaporudi nyuma kuingia kiwandani, dereva haoni kilicho nyuma ya shehena yake. Utingo hushuka, akasimama mahali anapoonekana katika kioo, akaongoza kwa mkono na kwa sauti. Akitoweka katika kioo, dereva mwenye busara husimama. Na lori lina breki, tena ardhi haisogei! Meli haina breki. Mtambo ukizimwa yaendelea kuteleza kwa uzito wake, na upepo nao huisukuma ubavuni. Msafiri aliyeshuka Kyela majira ya upepo wa kusi ameona jinsi mawimbi yaliyovuka Ziwa Nyasa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, yanavyoifikia pwani ya kaskazini.

Kwa hiyo nahodha hana budi kuazima macho na mikono ya wengine. Baharia wa omo humtajia umbali uliobaki. Wa tezi hutazama kamba isianguke majini ikajizungusha kwenye rafadha. Walio juu ya gati hurushiwa kamba nyembamba yenye uzito nchani, huivuta mpaka kamba nene ifike, kisha huvika kitanzi chake kwenye nguzo ya chuma. Kazi yaonekana nyepesi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu wa gati akiikaza kamba ya omo kabla ya kuamriwa, omo huvutwa ndani na tezi hutupwa nje, na yote aliyoyapanga nahodha huharibika. Asiyejua huweka mguu kati ya chombo na gati ili akizuie. Mguu wa mtu hauwezi kuzuia tani za chuma. Na kamba iliyokazwa sana ikikatika, hurudi kwa nguvu ya kuua, basi haifai mtu kusimama katika njia yake.

Huenda mtu akauliza: Je, nahodha anayewategemea watu hawa hakujivua dhamana? Twajibu: La, hasha. Kabla ya kufika humweleza kila mmoja mahali pake na kamba ipi itangulie. Amri hutoka kinywani mwa mmoja, na anayeipokea huirudia kwa sauti ili ijulikane kuwa amesikia. Makuli wenye haraka ya mizigo wakipiga kelele zao, hizo si amri. Naye baharia wa omo akiona jambo baya, heshima kwa mkubwa wake isimfunge kinywa. Aliwekwa pale ili aseme. Tena nahodha huacha njia ya kurudi nyuma, maana mpokea kamba asiyemjua aweza kuikosa.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora, Ukerewe, kilipinduka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Iliripotiwa kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Rais John Magufuli alilitangazia taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Tazama tofauti: kumpa msaidizi kazi aijuayo huku wewe ukisimamia ni jambo moja, na kumkabidhi amana asiyeiweza ni jambo jingine kabisa.

Abiria naye ni katika wasaidizi, ingawa hakuajiriwa. Hukaa mahali pake, mizigo yake chini, hata kama ndugu zake wanampungia mkono kutoka gatini, mpaka kamba za omo na tezi zifungwe na baharia aliyewekwa mlangoni amwite ashuke.