Skrinishoti bila mzunguko

Jirani yangu wa mezani kazini ana tabia moja. Kompyuta ikimletea ujumbe wa kosa, anatoa simu na kuupiga picha kwenye kioo, anajitumia mwenyewe kwa WhatsApp, anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ile ile, anapakua picha, na hapo ndipo anaipandisha kwenye ChatGPT na kuuliza: "Nimekosea wapi?" Picha imepinda, ina michirizi ya rangi, na taa ya dari imeng'aa juu ya neno lile lile analoulizia. Majibu anayopata nayo yamepinda vivyo hivyo.

Tangu Septemba 2023, ChatGPT ilipoanza kupokea picha kwa wateja wanaolipia, na programu nyingine kama Gemini na Claude nazo zikawa zinasoma picha, watu wengi wameacha kueleza tatizo kwa maneno. Wanaonyesha. Ni njia nzuri, ila mzunguko wake unachosha. Hata anayejua kupiga skrinishoti kwenye kompyuta huihifadhi kwanza, kisha huenda kuitafuta kwenye folda iliyojaa mafaili yanayoitwa Screenshot (213), Screenshot (214), Screenshot (215), na mara nyingi huchukua isiyo yenyewe.

Kabla hujasakinisha chochote, jaribu kibodi yako. Kwenye Windows, bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja. Kioo kitafifia, buruta kipanya kuzungushia sehemu unayoitaka, kisha nenda kwenye kisanduku cha mazungumzo ubonyeze Ctrl na V. Picha itatua hapo hapo, bila kutafuta faili. Kwenye Mac ni Command, Control, Shift na 4, halafu unabandika kwa Command na V. Ile Control ndiyo inayoipeleka picha kwenye ubao wa kunakili. Ukiiacha, picha itaangukia kwenye eneo-kazi kama faili. Kwa anayeuliza mara mbili tatu kwa siku, hii inatosha kabisa.

Kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayopiga skrinishoti na kuipeleka kwenye mazungumzo, kinamfaa anayefanya hivi kutwa nzima: mhasibu anayepambana na fomu za mtandaoni, mwanafunzi wa kompyuta, mtu wa huduma kwa wateja. Kinakaa kama kitufe kidogo pembeni mwa mahali pa kuandikia anwani. Ukikibofya kinapiga picha ya ukurasa, au sehemu uliyochagua, kinakufungulia kichupo cha mazungumzo na kukuwekea picha tayari kwenye kisanduku. Kwenye Chrome unaweza kukipangia vitufe vyako kwa kuandika chrome://extensions/shortcuts kwenye sehemu ya anwani. Kina faida nyingine isiyosemwa sana: vingi hupiga ukurasa peke yake, kwa hiyo majina ya vichupo vingine ulivyofungua na vijiarifa vinavyochomoza pembeni havimo kwenye picha. Lakini kwa kawaida hakitakusaidia ukiwa nje ya kivinjari, kwa mfano kwenye Excel ya kompyuta. Hapo unarudi kwenye kibodi.

Swali la kuuliza kabla ya kukiweka ni picha inapita wapi. Kuna vinavyobandika picha kwenye akaunti yako mwenyewe ya ChatGPT au Gemini, basi. Kuna vingine vyenye dirisha lao la mazungumzo, na picha yako inapita kwanza kwenye kompyuta za aliyekitengeneza ndipo ifike kwa akili mnemba. Hapo umeongeza mtu wa tatu kwenye mazungumzo. Soma maelezo ya faragha. Kama hayasemi picha inakwenda wapi, achana nacho.

Halafu tazama ruhusa. Kiendelezi kinachoomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote kinaomba ufunguo wa nyumba nzima ili kufagia sebule. Kwenye Chrome, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kifanye kazi pale tu unapokibofya. Usiseme kina watumiaji wengi kwa hiyo ni salama. The Great Suspender, kiendelezi cha kupumzisha vichupo, kilipendwa miaka mingi. Kikabadili mmiliki, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Desemba 2024, mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, alinaswa na barua pepe ya ulaghai, na wadukuzi wakapandisha toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo. Baadhi ya waliokuwa nacho wakaletewa sasisho hilo bila kuombwa.

Upande wa picha, kata palipo na tatizo tu. Ukurasa mrefu uliopigwa kuanzia juu hadi chini huenda ukapunguzwa ukubwa kabla ya kusomwa, herufi zikawa kama mchanga, na roboti ikaanza kubahatisha. Na kata wakati wa kupiga, siyo baadaye. Machi 2023 iligundulika kwamba simu za Google Pixel zilikuwa zikiacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na mtu mwenye ujuzi aliweza kuirudisha; Snipping Tool ya Windows nayo ikakutwa na kasoro ya aina hiyo. Kasoro hizo zimesharekebishwa, ila picha za zamani zilizokwisha kusambaa hazikurekebishwa pamoja nazo. Ukificha namba ya simu au ya kitambulisho, weka kiboksi cheusi kisichopenyeza. Ukungu huweza kufumbuliwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kutuma jedwali kuuliza fomula moja, na mstari wa chini kabisa ulikuwa na mshahara wa mwenzangu. Niliuona baada ya kutuma. Mzunguko ule wa zamani, pamoja na kuchosha kwake, ulinilazimisha kuitazama picha; kitufe kimoja hakinilazimishi. Ndiyo maana kiendelezi changu nimekizuia kutuma chenyewe: kinaweka picha kwenye kisanduku, Enter nabonyeza mwenyewe.

Wakati mwingine picha haihitajiki. Ujumbe wa kosa unaoweza kunakiliwa, unakili kama maandishi. Hautasomwa vibaya na haumalizi bando.

Kwa mtumiaji wa simu, Chrome ya Android haipokei viendelezi, Firefox inapokea. Lakini kwenye simu nyingi njia fupi iko mkononi tayari: bonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, gusa alama ya kushiriki chini ya kioo, chagua programu unayoitumia. Kabla ya kupiga picha, futa vijiarifa vilivyo juu. Hapo ndipo meseji ya salio hupenda kukaa.