Laptopu ya Mtoto: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Umeuza viazi hapo Elburgon, pesa iko kwa simu, na mtoto anaingia chuo Septemba. Mara unaona tangazo la laptopu ya ex-UK, bei rahisi, lakini muuzaji anataka utume pesa kwanza. Hapo tunakuomba usimame kidogo.

Laptopu iliyotumika si mbaya. Kwa kuandika kazi na kusoma mtandaoni, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 zinatosha. Ila uliza kizazi cha prosesa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa nyingi za Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo maana nyingine zinauzwa rahisi hivyo.

Ukifika dukani, iwe Molo au Nakuru mjini:

1. Chomoa chaja, iache iwake dakika 20. Ikizima, jumlisha bei ya betri mpya.
2. Bonyeza herufi zote. Jaribu Wi-Fi, spika na kamera.
3. Izime, uiwashe tena. Ikidai nenosiri la mtu mwingine, achana nayo.
4. Dai risiti yenye nambari ya mashine na muda wa waranti.

Ukiridhika, lipa kwa till ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi. Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo, na usifute ujumbe wa malipo.

Anayekukataza kukagua, usimlipe.