Uvimbe wa Mji wa Mimba ni Mzigo wa Wawili



Tuchukue mfano wa bwana na bibi waliooana miaka kumi iliyopita. Kila mwezi mama akiingia katika siku zake, damu humtoka kwa wingi kwa siku nane au tisa. Anachoka, anapata kizunguzungu. Usiku humkwepa mumewe kwa sababu tendo la ndoa linamuumiza, lakini haya inamzuia kusema. Bwana anadhani hapendwi tena. Mama mkwe naye anauliza mbona mtoto wa pili haji. Hivyo nyumba inajaa kimya, na kumbe chanzo ni ugonjwa unaojulikana na wenye matibabu.

Ni ugonjwa gani huu?

Madaktari huuita fibroidi. Ni uvimbe unaoota katika misuli ya mji wa mimba. Unaweza kuwa mmoja au mwingi, mdogo kama punje ya haragwe au mkubwa kama tikiti. Si saratani, na ni nadra sana kukuta saratani ndani yake. Hulishwa na homoni za kike; kwa hiyo husumbua zaidi kati ya miaka 30 na 50, na kwa kawaida hunywea hedhi ikikoma.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba, kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Kiafrika walikuwa na uvimbe huu, wengi bila dalili yoyote. Basi tusimtafute mchawi. Fibroidi si laana, wala si ushahidi kwamba mke amekosa uaminifu.

Dalili za kuangalia

Mwone daktari ukipata hedhi nzito ya zaidi ya siku saba, au yenye mabonge ya damu; maumivu ya kiuno au nyonga; haja ndogo ya mara kwa mara; choo kigumu; tumbo kujaa; au mimba kukawia ama kuharibika. Mwanamke ambaye hedhi yake ilishakoma, kisha akaona damu tena, asingoje. Uvimbe wenyewe huonekana kwa picha ya ultrasaundi.

Matibabu

Uvimbe usiosumbua huachwa, ukapimwa mara kwa mara. Aliyepungukiwa na damu hupewa vidonge vya madini ya chuma. Avinywe kwa maji ya machungwa, si kwa chai, maana chai huzuia madini hayo kuingia mwilini. Zipo pia dawa za kupunguza damu na dawa za homoni.

Dawa zisipotosha, kuna upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake na kuacha mji wa mimba. Huu huwafaa wanaotamani watoto, ingawa uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye. Njia nyingine, isiyopatikana kila hospitali, ni kuziba mishipa inayoulisha uvimbe damu. Mwisho ni kuondoa mji wa mimba wote. Hapo fibroidi hazirudi, lakini mama hawezi kuzaa tena. Kabla ya kukubali, muulizeni daktari: “Je, kuna njia nyingine kwetu?”

Kanisa linasemaje?

Wengine huogopa kwamba kutolewa mji wa mimba ni dhambi. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, aya ya 15, alifundisha kwamba matibabu ya lazima ya kuponya mwili hayakatazwi, hata ikijulikana kwamba yatazuia uzazi, mradi kuzuia uzazi si nia yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za homoni zinazotolewa ili kutibu damu nyingi. Lakini ugonjwa usifanywe kisingizio. Mkiwa na shaka, zungumzeni na padre wenu.

Na wewe bwana, kumbuka kwamba utasa hauvunji ndoa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema hivyo waziwazi. Mke aliyetolewa mji wa mimba bado ni mwanamke kamili, na akishapona, daktari akiruhusu, tendo la ndoa huendelea.

Mume afanye nini?

Nenda naye kliniki. Ingia ndani usikie mwenyewe, usingoje nje kama dereva. Mwondolee kazi nzito siku za damu nyingi. Jamaa wakiuliza habari za mtoto, jibu wewe. Usimwache mkeo ajitetee peke yake. Nawe mama, usiumie kimya. Mwambie mumeo, “Baba watoto, ninaumwa, si kwamba nimekuchoka.” Neno hilo moja laweza kuiponya nyumba kabla hata ya dawa.

Maswali ya kuzungumzia wawili

1. Je, mume anajua hedhi ya mkewe huchukua siku ngapi?
2. Ni jambo gani la mwili tunaloonea haya kuambiana?
3. Daktari akishauri upasuaji, tutaamuaje pamoja, na gharama tutaitoa wapi?