Mdogo wangu, hesabu sifuri kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu tangi lako, barua yako nimeisoma mara mbili. Samaki wako ni wa Ziwa Tanganyika, maji yameshuka kutoka pH 9 hadi 7, na aliyekuuzia anakutuliza kwamba ni namba mbili tu. Usitulie. Namba mbili hizohizo ndizo zilizonimalizia samaki wangu wa kwanza.

pH inapima wingi wa ioni za hidrojeni majini. Katika maji ya pH 7, ukitaka kukusanya gramu 1 ya ioni hizo utahitaji lita 10,000,000. Hesabu sifuri: ziko saba. Ndiyo hiyo 7 unayoisoma kwenye kipimo! Kwenye pH 6 zinatosha lita 1,000,000, maana ioni zimesongamana mara kumi zaidi. Ndiyo sababu namba ikipungua asidi inazidi, jambo lililonisumbua sana shuleni. Søren Sørensen wa Denmark, aliyebuni kipimo hiki mwaka 1909, alitupunguzia msururu wa sifuri, ila ukiisahau hiyo mara kumi utaumia. Kutoka 9 hadi 7, ioni katika tangi lako zimeongezeka mara 100. Ziwa lenyewe liko karibu na 9, na miili ya samaki hao imejengeka kwa maji hayo.

Najua mkono unakuwasha kuyarudisha leo leo. Subiri, mpenzi. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kwenye pH 7 karibu yote imegeuka amoniamu, isiyo na madhara makubwa. Kwenye pH 9, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi yake ni amonia yenyewe, sumu kali. Ukipandisha ghafla, utawaua kwa mikono yako ukidhani unawaokoa.

Pima amonia kwanza. Ikiwapo, badilisha sehemu ya maji kwa maji yenye pH ileile hadi iishe. Kisha weka mchanga wa matumbawe kwenye kichujio, kwa sababu bakteria wanaoshughulikia amonia huzalisha asidi, na kaboneti ya maji yako bila shaka imekwisha. Ukiongeza bikaboneti, iwe kidogo kidogo, pH isipande zaidi ya 0.3 kwa siku. Usiione ndogo: hiyo 0.3 peke yake inapunguza ioni kwa nusu.