KARANI ASIYECHOKA: JINSI MSIMBO UNAVYOZALIWA KUTOKANA NA FAILI YA MAELEZO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya methali wala ngeli, ingawa ngeli zitajitokeza hapo mbele. Nimechagua somo la kompyuta, kwa sababu karo nyingi hapa Machakos siku hizi hupitia kwa kompyuta kabla ya kumfikia bursa, na zikipotea njiani ni sisi tunaotumwa nyumbani.

Sote twaijua M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi mwaka 2007. Mwanzoni ilikuwa hasa ya mtu kumtumia mtu. Baadaye maduka, shule na hospitali zikataka kompyuta zao ziongee na kompyuta ya M-Pesa moja kwa moja, bila karani kukaa akinakili jumbe za simu kwenye daftari. Hapo ndipo pana kazi. Kompyuta moja pengine imeandikiwa programu kwa lugha ya Java, nyingine kwa PHP. Ni kama Mkamba na Mluo kukutana stendi ya basi: wataelewana wakiongea Kiswahili.

Kiswahili cha kompyuta hizo, kwa miaka mingi, kilikuwa ujumbe wa SOAP ulioandikwa kwa XML. Na faili iliyoeleza ujumbe huo uweje iliitwa WSDL. Kampuni za Ariba, IBM na Microsoft ziliwasilisha toleo lake la 1.1 kwa shirika la W3C mwezi wa Machi 2001.

Msomaji, usiogope hizo herufi. Fikiria ile fomu tupu ya kuweka pesa benki. Fomu haina pesa ndani yake, wala haifanyi kazi yoyote. Inasema tu: hapa jina, hapa namba ya akaunti, hapa kiasi, kisha upeleke dirisha lile. Faili ya WSDL ni hivyo hivyo. Inataja aina za data, jumbe zinazoingia na kutoka, kazi unazoweza kuomba, jinsi ya kufunga bahasha, na mwishowe anwani ya kupeleka. Huduma ya Safaricom ya kulipia mtandaoni iliyotangulia Daraja ilikuwa na faili kama hiyo, yenye nafasi ya namba ya mfanyabiashara, kiasi na namba ya simu ya mlipaji.

Sasa basi, mtu angeweza kukaa na kuandika mwenyewe msimbo wa kujaza fomu hiyo, mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha, na ukikosea herufi moja tu ujumbe unakataliwa. Ndiyo maana kuna programu za kuzalisha msimbo. Moja iliitwa wsimport, na ilikuja pamoja na Java toleo la 6 hadi ilipoondolewa katika toleo la 11, mwaka 2018. Nyingine ni wsdl2java ya Apache, ambayo ipo mpaka leo. Unaipa faili, inaisoma, na punde si punde imekuandikia karani wako. Wewe unamwambia tu, "Lipa shilingi 500 kwa namba hii." Karani anajaza fomu, anafunga bahasha, anapeleka, anasubiri jibu na kukufungulia. Upande wa pili, wa mwenye huduma, faili ile ile inaweza kuzalisha mifupa ya programu, naye mwenyewe aijaze nyama.

Hapa ndipo ngeli zinapoingia. Kila data katika faili ina aina yake, kama vile kila nomino ina ngeli yake, na ukikosea aina upatanisho wote unaharibika. Binamu yangu anasoma shule moja ambayo jina lake nalihifadhi. Muhula mmoja alirudishwa nyumbani akadai karo, na mama yake alikuwa amelipa, tena ujumbe wa simu anao! Namba yake ya usajili ni 0457. Fundi alipoitwa alikuta mstari huu katika faili:

<xs:element name="nambaYaMwanafunzi" type="xs:int"/>

Yaani namba hiyo ilichukuliwa kuwa tarakimu ya kuhesabia. Kwa hesabu, 0457 na 457 ni kitu kimoja, kwa hivyo ile sufuri ikatupwa. Kwenye rejista hapakuwa na 457, na malipo yakabaki yakielea bila mwenyewe. Dawa ilikuwa kuandika xs:string mahali pa xs:int, kisha kuzalisha msimbo upya. Binamu alikosa masomo siku nne kwa ajili ya neno moja.

Namba za simu nazo zina mtego wake. Aina ya xs:int haipiti 2,147,483,647. Namba ya Kenya inayoanza na 254 ina tarakimu 12, hivyo haitoshei kabisa. Sheria ninayoifuata mimi ni hii: kitu usichoweza kukijumlisha, usikiite tarakimu. Nani hujumlisha namba za simu?

Mambo mengine mawili. Kwanza, usirekebishe kwa mkono msimbo uliozalishwa. Ukizalisha tena, marekebisho yako yanafutwa yote. Rekebisha faili. Pili, karani huyu ni mwaminifu lakini hana akili. Hajui kama 500 ni shilingi au senti. Mtandao ukikatika nawe ukatuma tena, naye atatuma tena, hivyo ni lazima kila malipo yapewe namba yake ya pekee ili yasikatwe mara mbili.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, inayotumia REST na JSON badala ya SOAP. (Chama chetu kifurahie: pesa, na sasa daraja, ati wahandisi nao wanakopa kwetu!) WSDL haihitajiki huko, lakini wazo halikufa. Huduma za namna hii huelezwa kwa faili ya OpenAPI, ambayo zamani iliitwa Swagger, na zipo programu zinazoisoma na kukuzalishia karani vile vile.

Zoezi: Chukua fomu ya kujiunga na maktaba ya shule yako. Kwa kila nafasi iliyo wazi, andika kama ni maneno, tarakimu au tarehe. Kisha angalia tena namba ya kitambulisho cha mzazi, na useme kwa nini umeiweka ulipoiweka.