Dondoo muhimu: Kuteleza kwenye theluji Val Thorens

Kijiji cha Val Thorens, katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, kipo mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na msimu wake huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi mapema Mei. Hewa huko ni nyepesi, hivyo siku ya kwanza hufaa iwe ya mwendo mdogo na maji mengi. Miti haioti huko, hivyo ukungu ukishuka, mtelezaji hukosa kitu cha kupimia mteremko, akabaki kufuata nguzo za kando ya njia. Siku kama hiyo ni heri kuhamia Méribel, bonde jirani lenye misitu.

Njia hupangwa kwa rangi: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa mabingwa. Gari la nyaya la Cime Caron hufika mita 3,200. Anayelipanda ajue kwanza rangi ya njia ya kushukia. Tiketi ya Les 3 Vallées, eneo linalounganisha Val Thorens na mabonde jirani, hufungua takriban kilomita 600 za njia, lakini lifti za kurudi Val Thorens hufungwa alasiri, na teksi ya kuizunguka milima ni ghali. Miwani ya kukinga jua ni ya lazima, hata kukiwa na mawingu.