Neno "La"

La, le, li, lo, lu. Ulipoanza kisomo, ulizisoma silabi hizi ubaoni. Leo tuichukue ile ya kwanza peke yake: la. Ina herufi mbili tu, lakini kazi zake ni nyingi.

Tuseme wewe uko mjini, na mdogo wako amebaki kijijini. Anakuandikia barua: "Ndugu yangu, niuze shamba la baba?" Wewe unamjibu kwa neno moja: "La."

Tazama vizuri. "La" ya kwanza imeunganisha shamba na mwenye shamba. "La" ya pili imezuia shamba lisiuzwe. Zote mbili zimeandikwa sawasawa.

Tutazitofautishaje? Badili kitu kinachotajwa. Ukitaja nyumba, utaandika "nyumba ya baba". Ukitaja kiti, utaandika "kiti cha baba". La ya kuunganisha hubadilika. La ya kukataa haibadiliki. Niuze nyumba? La. Niuze kiti? La. Niuze mbuzi? La.

Hii ni kwa sababu hazikutoka mahali pamoja. La ya kuunganisha ni ya Kibantu tangu asili. La ya kukataa imetoka katika Kiarabu. Watu wa pwani walifanya biashara na Waarabu kwa karne nyingi. Wakaliazima neno hilo, kama walivyoazima kitabu na kalamu.

Iko la nyingine, nayo ni ya chakula: kula, amekula, tutakula. Hiyo ina ndugu wengi. Wahaya husema "okulya". Wanyarwanda husema "kurya". Lugha hizo na Kiswahili ni za ukoo mmoja, kwa hiyo maneno yao yanafanana kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

Basi maneno hufanana kwa udugu, au kwa kuazimana. Lakini yako pia yanayofanana bila udugu na bila kuazimana.

Kwa Wasomali, "la" maana yake ni pamoja na. Msomali akikuambia "ila kaalay", anasema "njoo pamoja nami". Mtu anayejua Kiswahili tu atasikia "ila", adhani anatiwa ila. Kumbe amealikwa! Ugomvi mwingine huanza hivyo hivyo. Jirani wa kabila jingine anatamka neno la kwao la kawaida, nawe unasikia tusi. Muulize kwanza amesema nini.

Katika Kifaransa, ambacho husemwa pia Komoro, Kongo na Burundi, "la" huwekwa mbele ya majina mengi. "La maison" ni nyumba. Hapo la haikatai kitu, wala haiunganishi kitu. Kihispania nacho hufanya hivyo. Huko Bolivia uko mji uitwao La Paz, na "paz" ni amani. Huko Tibet, kwenye milima mirefu ya Asia, "la" ni mahali pa kupita kuvuka mlima. La yetu hufunga njia. La yao ndiyo njia yenyewe.

Kwa nini inakuwa hivyo? Lugha za dunia ni kama 7,000, lakini sauti ambazo kinywa cha mtu hutoa si nyingi. Maneno mafupi hayatoshi kila lugha ipate lake peke yake. Ni kama jina la Juma. Akina Juma ni wengi, wala si wote wa ukoo mmoja.

Zoezi

Soma sentensi hizi: "Je, wamekula embe la bibi? La."

Tafuta la zote tatu. Ipi ni ya kukataa? Ipi ni ya chakula? Sasa ondoa embe, weka ndizi. Andika upya sentensi hizo katika daftari lako, kisha mwonyeshe mwenzako ni la ipi iliyobadilika.